Trekta inayogoma asubuhi: usiipoteze ile stata ya kwanza

Injini ya dizeli iliyopoa sawasawa unaipata mara moja tu kwa siku, na watu wengi hawalifikirii hili. Ukishapiga stata ukarudia ukarudia tena, ukapuliza etha (ile dawa ya kopo inayowaka haraka ya kulazimisha injini iwake), ukaita watu waje kuivuta, tayari silinda zimeshapata joto kidogo, betri imeshuka, chumba cha moto kimelowa dizeli, na chochote utakachopima baada ya hapo unapima injini nyingine, sio ile iliyokugomea alfajiri. Ndo maana trekta inafika kwa fundi saa tano, anapiga funguo mara moja inawaka, anakuangalia hivi kama vile umemdanganya, unarudi nayo, kesho asubuhi mambo ni yaleyale.

Kwahiyo kazi hii mimi naianza jioni. Chaji betri ijae, iache itulie masaa kadhaa ndo upime kwa mita. Betri nzima ya volti 12 ikitulia inasoma kama 12.6 hivi, ikisoma 12.2 ujue iko nusu. Andika namba. Asubuhi kabla hujagusa chochote pima tena, ikiwa imeshuka sana usiku mmoja basi ama betri yenyewe haishiki chaji au kuna kitu kinanyonya umeme wakati umelala, na hapo umeshapata kitu cha kushughulikia kabla hata ya kushika spana. Ukimaliza hiyo, egesha trekta mahali ambapo bomba la moshi linaonekana vizuri na nyuma yake pako wazi, na tafuta mtu wa pili wa asubuhi. Mmoja apige stata, mwingine aangalie moshi na ashike mita. Peke yako utaona nusu tu.

Kabla ya yote jiulize swali moja la bure: inagoma ikiwa imepoa tu, au hata ikiwa ya moto? Ikiwa asubuhi ni shida lakini ikishawaka siku nzima unazima na kuwasha kwa kugusa tu, unafuata njia ya joto, kasi ya kuzunguka, hewa iliyoingia usiku, au kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa). Ikiwa ni kinyume chake, asubuhi inawaka vizuri ila ukiizima ya moto inakataa mpaka ipoe, hapo mara nyingi pampu ya dizeli imelika ndani, maana dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na inapenya kwenye uwazi ule uliolika badala ya kwenda kwenye nozeli (kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda), au stata yenyewe inachoka ikipata joto. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na nimeona watu wakitibu moja kwa dawa ya lingine.

Sasa kwa nini baridi inaisumbua dizeli. Dizeli haina plagi ya cheche, inategemea hewa ibanwe mpaka ipate moto wenyewe, kama pampu ya baiskeli inavyochoma kidole ukiipampu kwa nguvu, ila hapa hewa inabanwa mara 16 mpaka 20 na zaidi na joto lake linapita nyuzi 500 kwenye injini nzima inayozunguka vizuri. Injini ikiwa imepoa, chuma cha silinda na pistoni kinanyonya joto hilo. Pistoni imesinyaa kidogo, ringi hazijakaa vizuri, oili imetoka kwenye kuta, hewa inavuja pembeni. Na kama stata inazungusha polepole basi hewa inapata muda mrefu wa kuvuja na joto linapata muda mrefu wa kupotea. Unaona? Kila kitu kinapungua kidogo kidogo na jumla yake dizeli inaingia, inapasuka matone, lakini haiwaki. Ikishawaka mara moja chuma kinapata joto, pistoni inatanuka, inaziba, na siku nzima huoni shida. Kwahiyo mtu anayekwambia "kompresheni haiwezi kuwa mbovu mbona ikiwaka ina nguvu" hajaelewa, kompresheni inaweza kuwa imepungua kiasi cha kukusumbua asubuhi tu.

Haya, asubuhi imefika. Gia iko fri, breki ya mkono imevutwa, PTO (shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine) imetolewa, klachi imekanyagwa mpaka chini. Klachi sio ya usalama peke yake, ukiikanyaga stata inaacha kukokota shafti za gia boksi ndani ya oili nzito iliyopoa, na kwenye trekta oili hiyo ni nyingi mno ukilinganisha na gari. Na tafadhali kaa kwenye kiti. Ile tabia ya kusimama pembeni ya tairi na kugusanisha terminali za stata kwa bisibisi imeua watu dunia nzima, trekta iko kwenye gia bila wewe kujua, inawaka, tairi la nyuma linakupitia. Kama swichi ya funguo imekufa, tengeneza swichi.

Na kabla hujazungusha angalia kebo ya kuzimia. Ndiyo, ile unayovuta kuzima injini. Ikikwama nusu njia pampu inatoa dizeli kidogo, injini ya moto itakubali kuwaka hivyohivyo lakini iliyopoa itakataa. Kwenye pampu zinazozimwa kwa umeme kuna solenoidi, yaani valvu ndogo inayofunguliwa kwa sumaku ya umeme, ukifungua funguo unatakiwa usikie "tak" ndogo kwenye pampu. Kuna solenoidi zingine zinasikika vizuri ukifungua funguo tu, ila stata ikianza kunyonya umeme volti zinashuka na zenyewe zinajifunga, unazungusha nusu saa dizeli haiendi kokote. Mtu aweke mita pale wakati unapiga stata mtaona.

Sasa piga stata, sekunde 10 tu, isizidi 15, halafu pumzisha stata dakika mbili hivi. Katika sekunde hizo kumi mnatafuta vitu viwili, inazunguka kwa kasi gani na bomba linatoa nini.

Kasi kwanza. Injini nyingi za trekta zinataka kuzungushwa kama mizunguko 150 mpaka 250 kwa dakika ili ziwake zikiwa zimepoa, ikishuka chini ya 100 usitegemee kitu. Huna haja ya kifaa, sikio linatosha ukiwa umezoea trekta yako, inatakiwa isikike inazunguka mfululizo, sio inapanda kila kompresheni kwa kuhema. Mita ikiwa kwenye vichwa vya betri wakati wa kuzungusha isishuke chini ya 9.6 hivi. Ikishuka mpaka 8 na betri ulichaji jana, ama betri imechoka ama stata inakula umeme kupita kiasi, bushi zimelika na moyo wake unakwaruza kwenye sumaku za pembeni.

Lakini kesi inayonifurahisha zaidi ni hii: betri inabaki kwenye volti 11 na kitu, imetulia tu, na stata inazunguka kwa uvivu. Watu wananunua betri mpya hapa. Betri haina kosa, umeme haufiki. Chukua mita, waya mmoja weka kwenye kichwa chenyewe cha betri cha hasi (kile cha risasi, usiweke kwenye klipu), mwingine kwenye bodi la stata, piga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti basi waya wa erthi au sehemu unapofungwa pana kutu, rangi, au waya umekatikakatika ndani. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka ile bolti nene ya stata. Hiki kipimo hakigharimu kitu na kinapata ugonjwa mwingi sana, hasa kwenye matrekta yaliyopakwa rangi upya, fundi wa rangi anapuliza kila kitu, halafu waya wa erthi unafungwa juu ya rangi. Wengine wanaweka waya mwembamba wa gari dogo kwa sababu ndo uliopatikana, unashika joto ukipiga stata, ukiushika tu unajua.

Oili nayo. Mtu anaona injini imezeeka anaweka oili nzito ili ipunguze kula oili, sawa, lakini asubuhi stata inazungusha uji. Namba ya mbele ya W ndiyo inayosema oili ikoje ikiwa imepoa, 10W ni nyepesi kuliko 15W na 15W kuliko 20W. Fuata kitabu cha injini kulingana na baridi ya mahali ulipo, usifuate ushauri wa kijiweni. Na ujue kuwa baridi inaipiga betri na oili kwa wakati mmoja, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri inatoa kama nusu tu ya nguvu yake huku injini ikihitaji nguvu zaidi kuzunguka.

Kama kasi ni nzuri tunahamia kwenye bomba, na hapa ndo yule mtu wa pili anapata kazi yake. Hamna moshi kabisa? Dizeli haifiki. Moshi mweupe mwingi unaonuka dizeli? Dizeli inafika ila haiwaki. Nukta hii moja inagawa kazi nzima mara mbili na ndo maana sitaki mtu apulize etha kabla ya kuiona.

Tuanze na isiyo na moshi. Ukishathibitisha kebo ya kuzimia na solenoidi ziko sawa, mtuhumiwa mkubwa ni hewa iliyoingia usiku. Trekta ikisimama, dizeli iliyo kwenye mipira na filta inataka kurudi tenki, na kama kuna mahali panapopitisha hewa, basi inashuka taratibu usiku kucha na asubuhi pampu inanyonya hewa. Kinachowachanganya watu ni kwamba hawaoni tone likidondoka. Upande wa kunyonya, kuanzia tenki mpaka lifti pampu (ile pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki), hauvuji nje, unavuja ndani, injini ikizunguka panavutwa hewa badala ya kutoa dizeli. Panaweza kuwa safi kabisa pamekauka na bado ndo penyewe. Angalia mipira iliyokauka ikapasuka nyufa ndogo, klipu zilizolegea, gasketi ya kile kikombe cha kukusanya maji, washa za shaba zilizotumika mara ya tano, na o-ringi ya filta uliyobadilisha majuzi ukaacha ile ya zamani imebandikana juu.

Kuthibitisha ni rahisi. Asubuhi kabla ya stata yoyote legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta halafu pampu kwa mkono kwenye kile kikono cha lifti pampu, kama inatoka povu na mapovu kwa muda ndo dizeli ije, basi hewa iliingia. Ukiikaza na injini ikawaka vizuri, umeshapata jibu. Halafu kupata mahali penyewe kuna mbinu naipenda kuliko zote: chukua dumu safi lenye dizeli safi, liweke juu kuliko pampu, vuta mpira mpya mmoja moja kwa moja mpaka kwenye filta, ukiruka tenki na mabomba yote ya zamani. Toa hewa, washa, zima, liache usiku. Asubuhi ikiwaka vizuri tatizo liko kati ya tenki na pale ulipounganisha. Isipobadilika liko mbele. Ukipata mpira wa plastiki unaoonyesha ndani uweke kipande kabla ya pampu, uangalie mapovu yanavyopita, unaweza kukaa hapo ukiangalia kama televisheni.

Kama hewa hakuna na dizeli haifiki bado, ni filta imeziba au maji. Kwenye nchi zenye baridi kali dizeli yenyewe inaanza kutengeneza nta, inakuwa na ukungu kwanza halafu chembe zinaziba filta, injini inaweza hata kuwaka kisha ikafa baada ya dakika chache. Dawa ya hapo ni dizeli ya msimu wa baridi au kuipasha filta joto, na ile ya kuweka dawa ya kuzuia nta inasaidia ukiweka mapema tu, nta ikishatengenezeka dawa haiwezi kuirudisha nyuma.

Sasa moshi mweupe. Hapa angalia kwanza kama injini yako ina kifaa cha kupasha. Zile zenye chumba cha awali cha kuchomea, nyingi za trekta ndogo, bila hita plagi (plagi za umeme zinazopasha chumba hicho) hazina ujanja kabisa asubuhi. Chomoa waya au bamba linaloziunganisha, pima kila plagi kwa mita upande wa ohmu kati ya kichwa chake na bodi la injini: nzima inasoma kidogo sana, mara nyingi chini ya ohmu 2, iliyokufa haisomi kitu. Mbili zikifa kwenye injini ya silinda tatu, itawaka silinda moja ikibabaika huku ikitoa moshi mweupe, halafu nyingine zinafuata moja moja, ukisikia hivyo wala huhitaji kubahatisha. Kama zote nzima, pima kama umeme unafika, kuna rilei na fyuzi njiani.

Injini zinazopuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni nyingi hazina hita plagi. Kwenye Perkins za zamani zilizofungwa kwenye Massey Ferguson utakuta kifaa kimefungwa kwenye bomba la kuingizia hewa, kina koili inayopata moto na kinadondoshea dizeli kidogo inayowaka, kinaitwa thamostati... hapana, thamostata (Thermostart), wengi wanachanganya na thamostati ile ya maji ya kupooza injini, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukishikilia funguo kwenye hatua ya kupasha sekunde 15 mpaka 20 kisha ukagusa bomba la hewa pale karibu, lazima usikie joto. Mara nyingi mtu alikuta kanjia kake kadogo ka dizeli kanavuja akakaziba kwa bolti, koili inawaka kavukavu miaka na miaka na hakuna anayejua kilikuwa na kazi.

Wazee wa zamani hawakuwa na haya maswali, walijua tu kuwa lazima uipashe. Lanz Bulldog ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa inachomwa kichwa chake kwa taa ya moto ya petroli mpaka kiwe chekundu ndo uzungushe. Field Marshall ya Uingereza, silinda moja kubwa, unawasha kipande cha karatasi maalum kinachofuka moshi unakichomeka kwenye silinda, na kama mkono hauna nguvu ya kuzungusha unapiga risasi tupu kwenye mlango wake, inalipuka na kusukuma pistoni. Trekta inawashwa na risasi. Halafu sisi tunalalamika kushikilia funguo sekunde 20.

Kifaa cha kupasha kikiwa kizima na moshi mweupe bado, bado kuna nozeli, taimingi na kompresheni. Nozeli inayokojoa badala ya kupuliza ukungu inatoa matone makubwa, yanalowesha pistoni badala ya kuwaka. Zipeleke zipimwe kwenye mashine yake, za trekta za zamani zinafunguka kwenye bar 170 mpaka 250 kutegemea aina, na wala usijaribu kuiangalia ikipuliza ukiwa umeweka mkono mbele. Dizeli kwa presha hiyo inapenya ngozi bila hata kuuma sana, na ni dharura ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo hata kama unaona kitundu kidogo tu. Taimingi yenyewe, yaani wakati pampu inapopuliza dizeli, ikichelewa dizeli inaingia pistoni ikiwa imeshaanza kushuka na joto limeshapungua, lakini pampu haijisogezi yenyewe, kwahiyo nauliza tu: ilifunguliwa lini na nani? Kama haijaguswa naiacha mpaka mwisho.

Kabla ya kompresheni, tapeti, yaani ule uwazi mdogo unaoachwa kwenye valvu. Sielewi kwa nini watu wanaruka hapa, ni kifuniko kimoja na fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia uwazi). Valvu iliyobanwa kupita kiasi haifungi mpaka mwisho, kompresheni inatoroka, na trekta nyingi hazijawahi kupimwa tapeti tangu zinunuliwe. Vipimo viko kwenye kitabu, angalia kama wamesema upime injini ikiwa ya moto au imepoa.

Halafu ndo geji ya kompresheni, na iwe ya dizeli. Ile ya petroli inaishia karibu na pale dizeli inapoanzia, maana dizeli nzima inakwenda bar 20 na kitu mpaka 30 na kitu. Mimi namba moja moja hazinisumbui sana kama tofauti kati ya silinda, moja ikiwa chini sana ya wenzake hapo kuna hadithi ya valvu, ringi au gasketi ya hedi. Zote zikiwa chini kwa usawa injini imechoka tu kiuzee. Kile kipimo cha kumwaga oili ndani ya silinda kuona kama inapanda, kwenye dizeli hakiaminiki, chumba cha moto ni kidogo mno na oili yenyewe inajaza nafasi, namba inapanda hata ringi zikiwa nzima, na ukimwaga nyingi unaweza kupinda konrodi (ule mkono unaoshika pistoni). Afadhali ufungue kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka uangalie inavyopumua.

Nimeiacha etha mpaka huku makusudi. Inawaka kwenye joto la chini ya nyuzi 200 ndo maana injini isiyo na kompresheni inaikubali, na ndo maana watu wanasema trekta "imezoea" etha. Haijazoea kitu, injini inaendelea kuchakaa na wewe unaongeza dozi. Inalipuka mapema pistoni ikiwa bado inapanda, inavunja ringi na kuta za pistoni, na ukiipuliza kwenye injini yenye hita plagi za moto au ile thamostata, inaweza kukulipukia kwenye bomba la hewa usoni. Kama ni lazima kabisa zima kwanza kifaa cha kupasha, na iwe kidogo sana huku stata inazunguka.

Na kama geji imeshasema kompresheni imechoka kwa usawa, haina maana ni oveholi wiki hii. Angalia inakula oili kiasi gani, inabeba mzigo au haibebi. Trekta yenye nguvu ya kutosha shambani inaweza kwenda misimu mingine kadhaa ukiwa na betri kubwa inayofaa, nyaya nene, oili ya namba sahihi na hita ya umeme ya kupasha maji ya injini kwa masaa mawili matatu kabla ya kazi. Ikianza kutoa moshi wa bluu siku nzima na kumaliza oili kila baada ya kazi, hapo fungua.